Diski ya Bandia Shingoni: Mzigo Huenda Wapi?

Dereva wa trela anayesubiri zamu ya kuingia bandari ya Kipevu, Mombasa, huinamia simu saa nzima, kisha akiwa njiani hageuzi shingo ila kwa maumivu. Huku Port Reitz malalamiko hayo ni ya kila siku: kwa madereva, kwa makuli, kwa kina mama wanaojitwika ndoo. Shingo inauma hadi begani, vidole vinakufa ganzi. Wengi hupona kwa dawa, mazoezi na subira. Wachache ambao neva zao zimebanwa ndio hutajiwa upasuaji, na hao ndio ninaowaandikia.

Shingo ina pingili 7. Kuanzia ya pili kushuka, kila pingili mbili hukutana mahali patatu: mbele pana diski, nyuma pana viungo viwili vidogo, kushoto na kulia. Kichwa kina uzito wa kama kilo 5, na diski nzima ndiyo inayobeba sehemu kubwa yake. Ikinywea, viungo vya nyuma huelemewa na gegedu lao hulika.

Tangu Smith na Robinson wa Marekani walipoeleza njia yao mwaka 1958, madaktari hupitia mbele ya shingo, huitoa diski mbovu na kuziunganisha pingili kwa mfupa. Viungo vya nyuma vya hapo hupumzika, maana hakuna tena kinachosogea. Lakini shingo bado inatakiwa igeuke, basi kazi hiyo huwaangukia majirani wa juu na wa chini. Mwaka 1999 Hilibrand na wenzake walikadiria kuwa karibu robo ya wagonjwa waliounganishwa pingili hupata dalili mpya kwenye pingili jirani ndani ya miaka 10. Sehemu ya dalili hizo ni uchakavu ambao ungekuja vyovyote vile.

Diski ya bandia, iliyoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2007, huacha pingili zisogee, na majirani hubaki na mwendo ulio karibu na wa kawaida. Hilo ni jema. Lisilosemwa sana ni habari ya viungo vya nyuma vya palepale ilipowekwa. Hivyo huendelea kufanya kazi, pengine kuliko mwanzo, kwa sababu diski ya asili hubonyea na kurudi, ilhali nyingi za bandia ni ngumu. Ndiyo maana daktari huingiza kwanza vipimo vya ukubwa mbalimbali, akitazama eksirei na kulinganisha na kimo cha diski jirani. Ikizidi kimo kwa milimita chache tu, viungo vya nyuma huachanishwa na kano zake huvutwa. Ikikaa upande, upande mmoja huumia.

Kwa hiyo mtu ambaye viungo vyake vya nyuma vimekwisha kulika hafai diski ya bandia. Kuunganishwa kutamfaa zaidi. Ukitajiwa upasuaji huu, kabla ya kuuliza bei, mwombe daktari akuonyeshe viungo hivyo kwenye picha ya CT, akueleze vikoje.