Ugonjwa wa akili Makiso: miezi inayopotea kabla ya dawa

Kijana anapoanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, akaacha masomo na kuwashuku ndugu zake, familia nyingi za Makiso, mjini Kisangani nchini Kongo, hazimpeleki kwanza kwa muuguzi. Zinaanza kwenye chumba cha maombi, zinapita kwa mganga wa jadi, na hospitali inakuja mwisho, akiba ikiwa imekwisha.

Muda huo, tangu dalili za kwanza hadi dozi ya kwanza, ndio kiini cha jambo. Kadiri saikosisi, yaani hali hiyo ya kusikia sauti na kushuku, inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mtu 1 katika kila 300 ana skizofrenia, ugonjwa mmojawapo wa saikosisi, na wengi huipata ujanani. Huko Melbourne, Patrick McGorry na wenzake walianzisha mwaka 1992 kituo cha vijana wanaougua kwa mara ya kwanza. Lakini kituo kama hicho kinadai timu nzima ya wataalamu, na Kongo inao wachache, wengi wao wakiwa Kinshasa. Basi Kisangani ni nani wa kuufupisha muda huo?

Wa kwanza ni yule yule anayeombea. Utafiti uliofanyika Nigeria na Ghana, ukachapishwa mwaka 2020, uliwaunganisha waganga wa jadi na wahubiri pamoja na wauguzi wa karibu. Muuguzi alimfuata mgonjwa huko huko aliko, akampa dawa. Maombi hayakukatazwa, ila kumfunga mgonjwa minyororo na kumpiga kulipingwa. Baada ya miezi 6, wagonjwa hao walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wa pili ni muuguzi wa kituo cha afya. Kule Lubero, Kivu Kaskazini, kati ya 2011 na 2015, tiba ya akili iliingizwa katika vituo vya kawaida. Muuguzi aliyefunzwa anajua kuanza na homa: malaria kali inaweza kumfanya mtu aweweseke, na malale, ambayo haijaisha mkoani Tshopo upande wa Isangi, hubadili tabia ya mtu. Hayo yakiondolewa, haloperidoli, dawa ya saikosisi, inaweza kuanzishwa hapo hapo.

Wa tatu ni reko, mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na vyandarua. Nchini Ethiopia, watu wasio wataalamu wa afya waliofunzwa kutembelea familia waliwasaidia wagonjwa kurudi kazini na kwenye mikutano ya jamii. Baada ya mwaka mmoja, hali yao ilikuwa bora kuliko ya waliopewa dawa za kituoni peke yake.

Eneo la afya la Makiso-Kisangani lina watu wa aina zote hizo tatu. Hata hivyo, mpangilio una uzito wake. Reko akimshawishi mama amlete mwanawe, kisha wakakuta sanduku la dawa ni tupu, familia itarudi kwenye maombi na safari ijayo haitamsikiliza. Kwa hiyo franka ya kwanza iende kwenye dawa isiyokatika mwezi hata mwezi. Mafunzo na matembezi ya nyumbani yafuate.