Kifaa cha kunyoosha meno kikimezwa: swali la kwanza ni kimepita njia ipi

Mtoto au kijana anayenyooshwa meno hukaa na vipande vidogo vya chuma, waya na plastiki kinywani kwa miezi mingi, mara nyingi hata zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo, kipande kimoja kinaweza kung'oka na kumezwa, iwe kwenye kiti cha daktari wa meno au mezani nyumbani. Tukio hilo si la kila siku, na aghalabu huisha bila madhara. Hata hivyo, familia yoyote, iwe ya Kigobe, ya Buyenzi au ya Kamenge, inafaa ifahamu kwamba kukosa maumivu si uthibitisho wa usalama.

Vipande gani humezwa?

Kuna vibati vinavyogandishwa juu ya jino, ambavyo upana wake ni milimita chache tu. Kuna vipande vya waya, ambavyo ncha zake huwa kali vinapokatwa. Kuna pia vifaa vya plastiki vinavyovaliwa na kuvuliwa, pamoja na ufunguo mdogo ambao mzazi hupewa ili auzungushe na kupanua kaakaa la mtoto.

Kwenye kliniki, mgonjwa hulala chali, mate humjaa kinywani na kifaa kilicholowa huteleza kwa urahisi vidoleni. Nyumbani, sababu kubwa ni kutafuna vitu vigumu, kulala na kifaa kilichopasuka au kuendelea kuvaa kifaa kilicholegea.

Njia panda ya koromeo

Nyuma ya ulimi kuna njia panda. Njia moja ni umio, unaopeleka chakula tumboni. Nyingine ni bomba la hewa, linaloelekea mapafuni. Hatari ya tukio hutegemea njia iliyofuatwa na kipande hicho.

Kikifika tumboni, matumaini ni makubwa. Kati ya vitu 10 vilivyomezwa, 8 au 9 hutoka vyenyewe kwa njia ya haja kubwa, mara nyingi ndani ya siku chache. Vilivyobaki huhitaji kutolewa kwa mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na ni takriban mtu 1 kati ya 100 anayehitaji upasuaji. Kitu chenye ncha kali kilichokwama kwenye umio hakipaswi kusubiri hadi kesho yake, kwa sababu kinaweza kuutoboa. Kikiwa tumboni, madaktari hupendelea kukitoa ndani ya saa 24.

Kikiingia kwenye njia ya hewa, mgonjwa hupaliwa na kukohoa kwa nguvu. Kwa watu wazima na vijana, kitu hicho huelekea zaidi pafu la kulia, kwa kuwa tawi la hewa la upande huo ni pana na limesimama wima zaidi. Kikohozi kinaweza kutulia baada ya dakika chache, na familia ikadhani hatari imepita, kumbe kitu kimetua ndani. Majuma kadhaa baadaye huanza homa, kikohozi kisichopona au kukorota kifuani, na mgonjwa hutibiwa pumu au nimonia pasipo mtu kukumbuka siku ile alipopaliwa. Kitu kilicho mapafuni hakitoki kama kilicho tumboni. Hutolewa na daktari kwa mrija. Ufundi huo una historia ndefu: mwaka 1897, daktari Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alitoa mfupa katika pafu la mkulima mmoja bila kumpasua.

La kufanya papo hapo

Mgonjwa akiwa bado amelala kwenye kiti, asiinuke ghafla. Ageuze kichwa upande na akohoe. Anayeweza kukohoa na kuzungumza aachwe aendelee kukohoa. Asiyeweza kupumua wala kutoa sauti apigwe mgongoni mara 5 katikati ya mabega, kisha abanwe tumbo juu ya kitovu mara 5, kwa zamu, huku msaada ukiitwa.

Asitapishwe, kwa maana waya unaweza kujeruhi unaporudi juu. Wala asifanye kama walaji wa mukeke wanaosukuma mwiba kwa tonge la ugali: tonge laweza kukikandamiza kipande penye ukuta wa umio, na tena tumbo lililojaa humchelewesha daktari. Vidole visiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana.

Kisha aende hospitali, hata kama hasikii maumivu. Kwa wakazi wa Kigobe, mtaa unaojulikana kwa jengo la Bunge la Taifa, Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kamenge iko upande huohuo wa kaskazini mwa Bujumbura. Wapeleke kipande kilichobaki, au kifaa kinachofanana nacho, na waeleze saa ya tukio. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa chuma huonekana kwenye picha ya eksirei lakini plastiki nyingi hazionekani. Picha isiyoonyesha kitu haimaanishi kwamba hakuna kitu.

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani ale kama kawaida na achunguze choo. Arudi hospitali mara moja akishindwa kumeza mate, akiumwa kifua au tumbo, akitapika damu, akipata choo cheusi, homa au shida ya kupumua.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba

Daktari wa meno anaweza kufunga uzi kwenye ufunguo au kipande kidogo, akauacha uning'inie nje ya mdomo. Anaweza pia kuweka kitambaa cha shashi nyuma ya ulimi kabla ya kukata waya. Mgonjwa ana haki ya kuuliza iwapo tahadhari hizo zimechukuliwa. Nyumbani, miwa, mahindi ya kuchoma na karanga ngumu viepukwe, na kifaa kilichopasuka kisivaliwe hata usiku mmoja.

Zaidi ya yote, mtoto aambiwe mapema kwamba hatagombezwa akisema amemeza kipande. Anayeficha kwa kuogopa gharama au ukali wa wazazi ndiye anayefika hospitali akiwa amechelewa.