Tairi za Pikapu Yako: Chagua kwa Njia Unayopita

Mpango wa Eka Milioni ulipoanza mwaka 1962, wakulima wengi wa maskimu walipeleka mazao yao sokoni kwa punda, kwa mkokoteni wa ng'ombe, au mgongoni. Leo, ikiwa umefanikiwa kununua pikapu, umepata msaidizi mkubwa. Lakini kumbuka kwamba pikapu ni kama ng'ombe wa gredi. Ukimnunua kwa bei kubwa kisha usimwogeshe kupe, atakufa, na deni lake litabaki mlangoni pako.

Katika pikapu yote, kitu kinachogusa ardhi ni tairi nne tu. Basi na tuanze hapo.

Jiulize: Ninapita wapi?

Tutazame mkulima wa Kinangop. Shamba lake liko zaidi ya meta 2,400 juu ya bahari, katika udongo mzito unaoshika maji. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha, njia ya shambani huwa tope. Lakini akishafika barabarani, huteremka kwenda Naivasha kwenye lami, amebeba viazi au maziwa. Huyu anahitaji tairi ya kufanya kazi mbili.

Tazama herufi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. H/T ni tairi ya barabara nzuri: haina kelele na hudumu, lakini katika tope huteleza kama sabuni. M/T ni ya tope: meno yake ni makubwa na yameachana, lakini kwenye lami huisha upesi, na lami ikiwa na maji haishiki breki vizuri. A/T iko katikati. Kwa mkulima anayetumia lami na njia ya shamba kila juma, A/T ndiyo inayofaa. Anayekaa mbali na lami, na ambaye njia yake ni tope miezi mingi, huyo anaweza kufikiri juu ya M/T.

Soma namba kabla ya kulipa

Ukiona 195R14C, maana yake ni upana wa milimita 195 na rimu ya inchi 14. Herufi C mwishoni huonyesha kwamba tairi imetengenezwa kwa gari la mizigo. Usifunge tairi za gari dogo la abiria kwenye pikapu kwa sababu tu zinaingia katika rimu. Namba 106 ubavuni ni kipimo cha uzito: tairi moja huweza kubeba kilo 950. Lakini uzito ulioruhusiwa gari lenyewe ndio mpaka wako. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia kuwa kilo 50. Kwa hiyo, kama gari lako limeruhusiwa kilo 1,000, hayo ni magunia 20, na katika hesabu hiyo wamo dereva na abiria pia. Ukipakia 30, umeongeza nusu tani juu ya tairi, springi na breki, na mteremko unakungoja.

Tafuta pia namba nne za tarehe. 1423 ni juma la 14 la mwaka 2023. Mpira huzeeka hata usipotumiwa. Tairi ikipita miaka 5, ikaguliwe na fundi kila mwaka. Ikifika miaka 10, itupwe, hata kama meno yangalipo. Spea nayo ni hivyo hivyo. Tairi kuukuu ya bei nafuu huvutia macho, lakini rahisi ghali.

Upepo

Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi karibu na mlango wa dereva, na mara nyingi tairi za nyuma zinataka zaidi gari likiwa na mzigo. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila mzunguko, hupata moto, na mwisho tairi hupasuka.

Tairi yenyewe itakwambia kosa lako. Ikilika katikati, upepo umezidi. Ikilika kingo zote mbili, upepo ni haba. Ikilika ukingo mmoja, magurudumu hayako sawa, mwone fundi. Meno yakibaki milimita 1.6, tairi imekwisha. Utakuta vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha kiasi hicho. Katika mvua usingoje mpaka hapo.

Ukinasa kwenye mchanga, usikanyage mafuta kwa hasira, kwa maana gurudumu litajichimbia kaburi. Shusha mzigo, punguza upepo kiasi mpaka karibu ratili 20, utoke polepole, kisha ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Kwa hiyo, uwe na pampu ndani ya gari.

Kazi ya kila juma

Gari likiwa limepoa na liko mahali tambarare, pima oili na utazame maji ya rejeta. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Wakati wa kiangazi kagua filta ya hewa mara kwa mara, kwa maana vumbi likiingia katika injini huila kama msasa. Baada ya tope, osha chini ya gari, toa mawe yaliyokwama katika meno ya tairi, tia grisi panapohitajika, na kanyaga breki mara kadhaa ukienda polepole ili zikauke. Kaza nati za magurudumu. Gurudumu likiwa limefunguliwa, zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi.

Kila kilomita 10,000 hamisha tairi, za mbele ziende nyuma, ili ziishe pamoja. Ukinunua mbili tu, zile mpya zifungwe nyuma. Pancha ya ubavuni haizibwi. Tairi hiyo ibadilishwe.

Na unapoteremka na mzigo, ingia gia ndogo tangu juu. Breki zikipata moto nusu ya njia, huwezi tena kuzikumbusha kazi yake. Dakika kumi za kukagua gari kabla ya kupakia zinatosha kukufikisha sokoni wewe, watu wako na maziwa yako.