UZI: Hawala ni nini, na kwa nini kila mdahalo wa usalama huishia hapo?

1/ Kila mdahalo ukigusa usalama au pesa za kampeni, lazima mmoja aseme "pesa zilipitia hawala." Ukumbi unapiga makofi. Mwingine anajibu "hawala ni utamaduni wetu, tuacheni." Naye anapigiwa makofi. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimekulia Isiolo, na majibu haya mawili yananikera sawasawa. Twende polepole.

2/ Tuanze na neno. Hawala si geni kwa Kiswahili. Waulize wazee kuhusu hawala ya posta, ile karatasi ya kutumia mtu pesa. Hata "hundi", ambayo wengi wetu tunaita cheki, ni jina ambalo India na Pakistan wanalitumia kwa mfumo huu huu. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walituma hati kwa sababu kubeba sarafu safari nzima ni kujitafutia mwizi. Kwa hivyo ukisikia ati hawala ililetwa na magaidi, huo ni uongo.

3/ Inafanyaje kazi? Tuseme dada yuko Minneapolis, anataka kumtumia mamake dola 200 huko Mandera. Anampa wakala wa kule pesa na ada kidogo. Wakala anamtumia mwenzake wa Mandera ujumbe: jina, kiasi, namba ya siri. Mama anaenda, anajitambulisha, anapewa pesa zake. Hebu angalia vizuri: hakuna noti hata moja iliyovuka bahari. Kilichovuka ni ujumbe.

4/ Sasa wakala wa Minneapolis ana deni. Kesho kukiwa na mtu Mandera anayetuma pesa upande ule mwingine, madeni yanakatana. Kinachobaki hulipwa baadaye, kwa benki au kwa bidhaa, mara nyingi kupitia Dubai. Kinachowafunga hawa watu wawili ni jina zuri. Ukila pesa ya mtu, habari zitafika sokoni na kwa ukoo kabla ya jioni, na biashara yako imeisha.

5/ Kwa nini watu wanaitumia? Serikali ya Somalia ilianguka 1991 na benki zikaanguka nayo. Kaskazini mwa Kenya, miji mingi ilikaa miaka bila tawi la benki. Mkimbizi wa Dadaab mara nyingi hana stakabadhi ambazo benki inataka. Wakati wa njaa ya Somalia ya 2011, hata mashirika ya misaada yalitumia hawala kufikishia familia pesa taslimu.

6/ Lakini tusijidanganye. Urahisi huo huo unamvutia mkwepa kodi, mla rushwa na mfadhili wa ugaidi. Mfano: deni linalipwa kwa bidhaa, shehena ya milioni 2 inaandikwa milioni 5, na hapo milioni 3 zimehama nchi kwa karatasi inayoonekana safi. Anayetaka kuficha pesa za kampeni zimetoka wapi anaweza kupitia hapo pia. Hatari ipo.

7/ Sasa Aprili 2015. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Rudia kusoma neno hilo: LESENI. Benki Kuu ilikuwa na kanuni za biashara hii tangu 2013. Waliofungiwa ni wale waliokuwa wamejisajili, wenye ofisi na daftari.

8/ Mimi nilikuwa darasa la sita. Jirani yetu alikuwa akipokea pesa kila mwezi kutoka kwa mwanawe Marekani. Ofisi ilipofungwa, kwanza alikopa unga kwa mama yangu. Halafu mwanawe akampata jamaa "anayejua mtu." Hana ofisi, hana risiti. Pesa za kwanza zilifika. Za pili, zilizokuwa na karo ya binti yake, hazikufika, na simu ya jamaa ikazimwa. Polisi angeenda kusema nini? Kwamba alipitia njia ya pembeni? Huyo binti alikuwa rafiki yangu. Alikaa nyumbani muhula mzima.

9/ Juni mwaka huo huo leseni zilirudishwa, kwa masharti. Lakini pale mtaani tulikuwa tumeshaona: ukifunga mlango wenye daftari, watu wanapitia ule usio na daftari. Na huko ndiko mhalifu anataka kila mtu awe, ndio asionekane.

10/ Na njia zile nyingine je? Baada ya shambulizi la Riverside, Nairobi, Januari 2019, waendesha mashtaka walidai mahakamani kwamba pesa zilipitia akaunti za uwakala wa pesa za simu, kisha tawi la benki. Sikumbuki mtu akisema tufunge pesa za simu nchi nzima. Marekani nayo iliifunga al-Barakaat, kampuni kubwa ya hawala ya Wasomali, Novemba 2001. Baadaye tume yao ya uchunguzi ilionyesha kwamba washambulizi wa Septemba 11 walitumia benki za kawaida.

11/ Hii haimaanishi hawala iachwe ijiendee. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia pesa chafu. Lawama hazikuwa za hawala peke yake. Tuliambiwa turekebishe usimamizi wa taasisi za fedha, sarafu za kidijitali, hadi uchunguzi na mashtaka. Yaani kazi ya kuchosha ambayo haipigiwi makofi.

12/ Kwa hivyo mgombea akitaja hawala, muulize:
– Unasema wenye leseni au wasio nayo?
– Ripoti za miamala ya kutiliwa shaka anazisoma nani, na kesi ngapi zimefika mahakamani?
– Ukifunga leo, mama wa Mandera atapokea pesa kwa njia gani kesho asubuhi?
Na yule wa "utamaduni wetu," muulize moja tu: mteja akitapeliwa, analalamika wapi?

13/ Rafiki yangu alirudi shule muhula uliofuata, lakini akarudia darasa. Tulianza pamoja, mimi nikamaliza mbele yake. Nikisikia ukumbi ukipiga makofi kwa sentensi moja kuhusu hawala, huwa namkumbuka yeye. Mwenye swali au masahihisho aweke hapo chini, nitajibu usiku nikitoka darasani.