Silva Haing'ai kwa Kupakwa

Mng'ao wa gari la silva hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni uso wa klia, tabaka la juu lisilo na rangi. Ya pili iko chini yake, kwenye rangi yenyewe, ambamo vipande vya alumini vyenye unene usiofika maikroni moja vimelala bapa, kimoja kikifunika kingine kama magamba ya samaki. Uso wa klia ukitazamwa kwa kuelekeana nao hurudisha takriban asilimia 4 tu ya mwanga unaoupiga. Kwenye gari jeusi hiyo asilimia 4 ndiyo karibu yote inayoonekana, maana mwanga uliobaki humezwa na rangi. Ndiyo sababu mtu anaweza kujitazama kwenye boneti jeusi lililosuguliwa vizuri. Kwenye silva mwanga uliobaki haumezwi. Hupenya klia, hugonga alumini, hupanda tena kupitia klia ileile, na kuizidi nguvu kabisa ile asilimia 4 ya juu.

Kwa hiyo silva haitakuwa kioo cha kujitazamia kama nyeusi, hata isuguliwe na fundi bora kuliko wote, na anayemwahidi mteja jambo hilo anamdanganya. Kina cha silva ni kitu kingine: ni tofauti kati ya sehemu inayometa kwa ukali pale mwanga unapoelekea kwa mtazamaji, na giza linaloanza ghafla pale bodi inapopinda. Klia ikijaa mikwaruzo midogo, mwanga hutawanywa mara mbili, ukiingia na ukitoka. Sehemu ya kumeta hupungua ukali, ya giza huingiwa na weupe, na gari zima huwa la kijivu kimoja kisicho na umbo. Tatizo ni kwamba kwenye silva mikwaruzo hiyo haionekani mmoja mmoja kama kwenye nyeusi. Mwenye gari haoni mikwaruzo; anaona kwamba rangi "imechoka", halafu anaanza kutafuta cha kuipaka.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo mafundi wa polishi huulizwa kila siku: silva ipakwe nini ing'ae? Swali hilo linachukulia kwamba kuna kitu kimepungua juu ya rangi na kinatakiwa kurudishwa. Hakuna kilichopungua. Mikwaruzo ni mifereji ndani ya klia, na mfereji huondolewa kwa njia moja tu: kuishusha klia inayouzunguka mpaka ilingane na sakafu yake. Ni kazi ya kupunguza, na chochote kinachoongezwa juu bila kazi hiyo kufanyika kinaificha tu.

Kificho kinachopendwa sana kwenye maeneo mengi ya kuoshea magari Afrika Mashariki ni mafuta ya taa au dizeli, yakichanganywa na maji ya mwisho au kupakwa kwa kitambaa gari likishakauka. Inafaa kueleza kwa ukamilifu kwa nini yanaonekana kufanya kazi, kwa sababu macho ya mteja hayamdanganyi: gari kweli linang'aa. Mkwaruzo hutawanya mwanga kwa kuwa kwenye kingo zake hewa inakutana na klia, na kipimo cha kupinda mwanga cha hewa ni 1, cha klia ni karibu 1.5. Mfereji ukijazwa kimiminika chenye kipimo cha 1.44 au 1.45, kama mafuta ya taa, mwanga hupita karibu kana kwamba mfereji haupo. Maji, yenye 1.33, hufanya sehemu ya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana gari lililokwaruzika vibaya hupendeza likilowa mvua na kurudi kuwa la kijivu likikauka. Mafuta ya taa hukauka polepole kuliko maji, dizeli polepole zaidi. Siri yote ni hiyo. Hakuna kulainisha rangi, hakuna kuilisha, hakuna kuirudishia uhai. Klia iliyokwisha kukomaa ni plastiki iliyofungamana, haina kiu ya mafuta.

Kipimo cha kuthibitisha hakina gharama. Sehemu iliyopakwa ifutwe kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa, au ioshwe kwa sabuni tu, kisha itazamwe juani. Mikwaruzo yote itakuwepo mahali pake, kwa sababu haikuwahi kuondoka.

Kama madhara yangeishia kwenye pesa za mteja, suala hili lingestahili sentensi mbili. Lakini hayaishii hapo. Dizeli hubakiza utando unaonata, na utando huo hukamata vumbi. Vumbi la barabara za udongo na mchanga lina chembe za kwatsi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, magumu kuliko klia yoyote iliyowahi kutengenezwa. Asubuhi ya pili dereva anachukua kitambaa kikavu na kulifuta vumbi hilo bila maji, na kila anapopitisha mkono anakwaruza. Dawa inazalisha ugonjwa uleule unaomrudisha mgonjwa dukani. Mafuta hayo pia huyeyusha nta iliyokuwepo, huifanya mipira ya milango ivimbe na kulegea, na siku gari linapopelekwa kupigwa rangi, mabaki yake yasipotolewa vizuri huifanya rangi mpya ikatae kushika na kufunguka vishimo. Fundi rangi atalaumiwa kwa kosa la mwosha gari.

Utetezi unaotolewa kila mara ni kwamba gari la fulani limepakwa dizeli miaka na miaka na halijaharibika. Limeharibika. Silva ndiyo rangi inayoweza kuficha uharibifu huo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, na mwenye gari amesahau lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Taa ya mkononi ikimulikwa kwa ubavu juu ya boneti itaonyesha mizunguko ya kitambaa imepishana kila upande. Hakuna fundi anayestahili malipo ambaye angekubali kazi kama hiyo itoke mikononi mwake.

Nta halisi haimo kwenye kundi la udanganyifu, ila hupewa sifa isiyo yake. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende, huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, na tabaka inaloacha juu ya klia halifiki maikroni moja. Huzuia maji kutulia na huchelewesha kinyesi cha ndege kuunguza klia. Hiyo ni kazi ya maana. Kwenye silva iliyokwisha kusuguliwa, tofauti kati ya nta ya bei ndogo na ya bei kubwa kwa jicho ni ndogo kiasi kwamba pesa hiyo ingetumika vizuri zaidi kwenye pedi za kusugulia. Koti la seramiki ni hivyohivyo: hulinda kilichopo chini yake, na kama kilichopo ni mikwaruzo, hiyo ndiyo itakayohifadhiwa. Dawa ya meno nayo imetengenezwa isikwaruze meno. Kwenye klia ngumu haikati chochote cha maana, na kwenye rangi laini ya kupigwa mtaani huacha ukungu.

Ugumu wa klia, kwa upande wake, umezaa kosa la pili, na hili hufanywa na mafundi wenyewe. Magari mengi ya Kijapani yanayoingia yakiwa yametumika yana klia laini kiasi. Pedi ya sponji na polishi nyepesi huyatosha. Klia ya magari ya Kijerumani kwa kawaida ni ngumu zaidi. Mercedes-Benz ilianza mwaka 2003 kutumia klia yenye chembe ndogo mno za seramiki, zinazojikusanya kwa wingi usoni mwake, ili gari lisikwaruzike upesi. Halikwaruziki upesi, lakini likishakwaruzika, polishi iliyozoeleka hupita juu bila kuacha alama. Fundi aliyezoea Toyota hudhani mashine yake ni dhaifu, na mkono unakwenda kwenye msasa wa 1000 au kwenye pedi ya manyoya iliyofunguliwa hadi mwisho wa kasi.

Klia ngumu si klia nene. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, huwa takriban maikroni 100 hadi 150, na katika hizo klia ni kati ya 35 na 50. Kusugua kwa uangalifu huondoa maikroni 1 hadi 3. Msasa mkali huondoa zaidi ya hapo kabla fundi hajavuta pumzi, kisha alama zake zenyewe hudai maikroni nyingine ili zitoke. Ndani ya klia ndimo zilizomo kemikali zinazokinga rangi na miale ya jua, na iliyopunguzwa kupita kiasi haichukui muda mrefu kwenye jua la ikweta kabla ya kubabuka. Kingo za milango na migongo ya bodi ndizo huungua kwanza, kwani pedi hugandamiza sehemu nyembamba na joto halina pa kwenda. Klia ikitoboka, alumini hubaki wazi, na hakuna polishi duniani inayoirudisha.

Njia sahihi ni fupi. Gari huoshwa, kisha hunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, hasa kama huegeshwa karibu na karakana za grainda au reli. Kwenye silva chembe hizo huonekana kama vitone vya rangi ya chungwa. Hufuatiwa na udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukitelezeshwa kwa maji mengi. Kipimo cha unene hupitishwa kila paneli: zaidi ya maikroni 200 maana yake imewahi kupigwa rangi, mamia kadhaa maana yake kuna puti chini, na chini ya 90 paneli iachwe kwa mikono ya mwenye uzoefu. Kipimo hicho husoma rangi yote kwa pamoja, si klia peke yake, na vile vya bei ndogo havisomi bampa za plastiki. Mahali palipojificha pasuguliwe kidogo kwa kitambaa cheupe: kikitoka na weusi wa kijivu, gari halina klia na kinachotoka ni alumini, hivyo kazi isimame hapo.

Yakishapita hayo, hujaribiwa eneo la nusu mita kwa nusu mita, na mchanganyiko mpole kuliko wote hutangulia. Kwenye klia ngumu mara nyingi kinachokubali ni mashine yenye mizunguko miwili, pedi ya maikrofaiba, na kompaundi ya chembe za alumina, ambazo ni ngumu kuliko klia kwa mbali. Mkono uende taratibu, kama sentimita 3 kwa sekunde, mgandamizo uwe wa kutosha bila pedi kuacha kuzunguka, paneli iwe kivulini na isiwe ya moto. Pedi isafishwe kila baada ya eneo moja. Pedi iliyoziba haikati, inapasha joto tu. Kila jaribio lifutwe kwa alkoholi kabla ya kuhukumiwa, kwani kompaundi nyingi zina mafuta yanayoficha kama dizeli inavyoficha. Pedi ya maikrofaiba huacha ukungu mwepesi, na kwenye silva ukungu huo husamehewa na mafundi wavivu kwa kuwa hauonekani ndani ya karakana. Uondolewe kwa pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia, kisha gari litolewe juani na kutazamwa kwa ubavu. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha uachwe, maana kuufuata hadi chini ni kuimaliza klia. Nta au koti la kinga huja mwisho. Baada ya hapo kitambaa kikavu kisiguse vumbi. Maji kwanza, sabuni, taulo safi la maikrofaiba.

Klia iliyokwisha kubabuka haisuguliwi, kwa mashine yoyote. Paneli hupigwa msasa na kupakwa upya rangi na klia, na kwa silva kazi hiyo ni ngumu kuliko rangi nyingine, kwa sababu alumini hulala tofauti kulingana na shinikizo la hewa, umbali wa bunduki ya rangi na wingi wa tina. Rangi yenye namba ileile ikipigwa kwa mkono tofauti huonekana sawa kwa mbele na nyeusi zaidi kwa ubavu, kwa hiyo fundi anayejua kazi huichanganya taratibu hadi ndani ya paneli za jirani, kisha huzipaka zote klia mpya hadi mwisho wa kingo zake.