Kupokezanisha Funguo za Programu bila Kukatiza Huduma: Mfano wa Malipo ya Rununu Mikindani

Utangulizi

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, biashara katika mitaa ya bara ya Mombasa, Mikindani ikiwemo, imezidi kuegemea rununu. Mnunuzi huona tu ujumbe wa kuthibitisha malipo. Nyuma ya ujumbe huo, duka lenye mfumo wake wa tarakilishi huweza kuwasiliana na Safaricom kupitia Daraja, kiolesura cha programu, au API kwa kifupi, kilichozinduliwa mwaka 2017. Makala haya yananuia kueleza jinsi funguo za kiolesura cha aina hii zinavyobadilishwa pasi na kukatiza huduma. Aidha, yanashikilia kwamba istilahi tunayoiteua kuitaja kazi hii yaweza kumwongoza mtendaji au kumpotosha.

Ufunguo na Hatari Zake

Ufunguo wa API ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao programu huutoa ili itambuliwe. Katika Daraja, programu hutoa jozi ya ufunguo na siri yake, kisha hupewa hati ya muda inayodumu sekunde 3600, yaani saa moja. Kwa hati hiyo ndipo huomba malipo. Anayeipata jozi hiyo anaweza kubisha hodi kwa jina la mwenye duka. Funguo huvuja zinapoandikwa ndani ya msimbo unaopandishwa mtandaoni, au mfanyakazi anapohama nazo. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya muda, hata kabla ya dalili ya wizi kuonekana.

Suala la Istilahi

Tafsiri sisisi kutoka Kiingereza ingetupa "kuzungusha funguo". Kitenzi hicho huibua taswira ya gurudumu: kimoja hutoka, kingine kikaingia. Tuchukue duka la dawa la kubuni mtaani Mikindani. Ufunguo wa zamani ukifutwa saa nne kamili asubuhi na mpya ukawekwa saa nne na dakika kumi, maombi ya malipo yatakataliwa katika kipindi hicho. Mzazi aliyekuja kununua dawa ya mtoto bila pesa taslimu atarudi mikono mitupu, ilhali fedha anazo.

Tunapendekeza "kupokezanisha". Katika mbio za kupokezana vijiti, ipo nukta ambapo mikono miwili imeshika kijiti kimoja. Wa kwanza haachii mpaka wa pili ameshika. Nukta hiyo ndiyo siri ya kazi nzima.

Hatua za Kupokezanisha

Kwanza, orodhesha kila mahali ufunguo unapotumika: seva kuu, seva ya akiba na programu za ripoti. Ufunguo usiwe ndani ya msimbo, bali katika hifadhi ya siri inayosomwa na programu.

Pili, tengeneza ufunguo mpya huku wa zamani ukiendelea kufanya kazi. Amazon, kwa mfano, humruhusu mtumiaji wa huduma zake za seva kuwa na funguo mbili kwa wakati mmoja. Pale ambapo mtoa huduma haruhusu hivyo, ulizia kama programu ya pili yaweza kusajiliwa kando ya ile ya kwanza.

Tatu, weka ufunguo mpya kwenye seva moja baada ya nyingine, ukijaribu malipo madogo kila mara. Kumbuka kuwa programu yaweza kuwa bado inatumia hati ya muda iliyotolewa kwa ufunguo wa zamani. Jaribio hilo halithibitishi lolote mpaka hati mpya iombwe.

Nne, chunguza kumbukumbu za seva mpaka ufunguo wa zamani usitumike tena. Siku moja ya ukimya haitoshi, kwa kuwa programu ya hesabu za mwisho wa mwezi huamka mara moja tu kwa mwezi.

Tano, usimamishe ufunguo wa zamani kabla ya kuufuta. Kilichosimamishwa chaweza kurudishwa kwa dakika chache, kilichofutwa hakirudi.

Mfano wa Kimataifa

Shirika la ICANN lilifuata busara hiyo lilipobadilisha ufunguo mkuu unaothibitisha majina ya intaneti duniani. Ufunguo mpya ulichapishwa Julai 2017, ukakusudiwa kuanza kazi tarehe 11 Oktoba mwaka huo. Ilipobainika kuwa baadhi ya seva hazikuwa tayari, kazi iliahirishwa kwa mwaka mzima. Ilitekelezwa tarehe 11 Oktoba 2018, na ufunguo wa zamani ukabatilishwa Januari 2019.

Ufunguo Ulioibwa

Subira hii ina mpaka. Ufunguo unaotumiwa na mwizi hukatwa mara moja, hata huduma ikisimama, kwa kuwa kila dakika ya kungoja ni yake. Taarifa za wateja zikifikiwa na ikawepo hatari halisi ya madhara kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka mwenye kuzisimamia kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Hitimisho

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika kazi hii mbachao hauachwi hadi msala mpya umetandikwa na kukaliwa. Lakini ukishakaliwa, sharti mbachao uondolewe, kwani ufunguo uliosahaulika ni mlango ulio wazi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaounda istilahi za tarakilishi wana wajibu hapa: kabla ya kutafsiri neno, wachunguze kwanza kazi yenyewe inavyotendeka.