Kuku Katika Pembe ya Picha

Mhariri wetu ameniomba niwaandikie wanafunzi wa sasa, na wenzangu wa zamani, maneno machache juu ya namna ya kuitazama picha. Nilipopata barua yake nilicheka kidogo, maana ni nani asiyejua kutazama picha? Hata mtoto mchanga huitazama. Walakini nimefanya kazi ya kupiga picha kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenifundisha ya kuwa kutazama ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine. Tena nina deni langu katika gazeti hili, nalo nitalieleza mbele.

Nianze na habari ya kuku. Mwaka 1961 mwalimu mmoja wa London, jina lake John Wilson, alieleza mambo yaliyotokea wakati senema ilipoonyeshwa katika kijiji kimoja cha Afrika. Senema yenyewe ilitengenezwa na bwana afya, ili watu wajifunze kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba zao. Ilionyesha jinsi ya kukausha madimbwi na kuokota makopo matupu, taratibu sana, kwa muda wa dakika tano hivi. Ilipokwisha, watazamaji, watu thelathini na kitu, wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku.

Wenye senema wakastaajabu, kwani wao wenyewe hawakujua kwamba mna kuku ndani yake. Wakaitwaa filamu, wakaikagua picha moja moja. Naam, kuku yumo! Alikuwa ameshtuliwa, akaruka, akapita katika pembe ya chini upande wa kulia kwa muda wa sekunde moja hivi, basi.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi, hasa tangu Marshall McLuhan wa Kanada alipoitia katika kitabu chake cha mwaka 1962, na aghalabu husimuliwa ili kuonyesha kwamba Mwafrika wa kijijini hakujua kuisoma senema. Fikira hizo zilikuwa za zamani. Tangu mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilikuwa na idara iliyoitwa Colonial Film Unit, ya kutengeneza senema za makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, ambaye hapo kwanza alikuwa ofisa wa afya katika Nigeria, alishikilia sana kwamba senema za Waafrika ziende polepole, zionyeshe jambo moja moja, na zisiwe na hila za kamera.

Mimi naisoma habari ile kinyume. Kuku alikuwamo. Waliokosa kumwona ni wale walioitengeneza senema, ambao bila shaka waliitazama mara nyingi kuliko wanakijiji. Walijua mapema ni kitu gani wanachotaka kionekane, yaani maji na makopo, basi macho yao yakakaa hapo tu. Wanakijiji hawakupewa habari hiyo. Wao walitazama kila mahali, kama mtu atazamavyo uwanja wa nyumba yake. Na katika uwanja wa nyumba, kuku akiruka kwa kishindo, mwenye akili huuliza: kuna nini, mwewe au nyoka?

Sasa, picha ni kitu gani? Jicho lako halina mpaka ulionyooka. Ukitaka kuona kilicho kando wageuza shingo. Picha haina shingo. Aliyesimama nyuma ya kamera amekwisha kukuchagulia kipande chenye pembe nne, na vyote vilivyobaki amevitupa. Watu hudhani kazi ya mpiga picha ni kutia vitu ndani ya picha. Nusu ya kazi yake ni kuvitoa. Kisha picha ikifika kwa mhariri hukatwa mara ya pili ili ienee katika nafasi yake. Siku hizi kuna wa tatu, nayo ni simu yako mwenyewe, ambayo huikata tena bila kukuuliza.

Kama hamniamini, fanyeni jaribio hili darasani. Twaa kadibodi, ukate vipande viwili vyenye umbo la herufi L. Viweke juu ya picha yo yote ya gazeti, vikutane kama dirisha, halafu vivute ndani na nje. Picha ya mkutano wa watu kumi na watano waweza kuigeuza umati usio na mwisho, kwa kukata tu zile nyasi tupu za pembeni. Hukusema uongo hata mmoja. Watu wote ni wa kweli. Sisi tuliokuwa tukitengeneza magazeti zamani tulikuwa na kadibodi hizo mezani kila siku.

Liko na jambo la pili, nalo ni jirani ya picha. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, mtengenezaji wa senema aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha furaha wala huzuni. Akaiunganisha na picha ya bakuli la supu; kisha uso ule ule na mtoto aliyelala katika jeneza; kisha uso ule ule na mwanamke mzuri. Imesimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: anavyoona njaa! anavyohuzunika! anavyotamani! Uso ulikuwa ule ule. Huzuni waliitia watazamaji wenyewe.

Wenye matangazo ya biashara waliyaelewa hayo upesi. Sigara za Marlboro hapo kwanza ziliuzwa kama sigara za wanawake. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya matangazo ya Leo Burnett, huko Chicago, ikaziweka karibu na mchunga ng'ombe wa Kimarekani, farasi wake na milima yake, nazo zikawa sigara za wanaume hodari. Hakuna aliyeandika ya kwamba moshi huleta ushujaa. Farasi aliwekwa jirani, mnunuzi akaijaza sentensi mwenyewe.

Turudi pembeni, maana huko ndiko nilikotaka kuwapeleka. Mwezi wa Januari 2020 wasichana watano wanaopigania hali ya hewa ya dunia walipigwa picha pamoja huko Davos, Uswisi. Wanne walikuwa Wazungu, mmoja wao Greta Thunberg. Wa tano, aliyesimama mwisho upande wa kushoto, ni Vanessa Nakate wa Kampala, binti wa nchi yetu hii. Shirika la habari la Associated Press lilipoitoa picha hiyo, walikuwamo wanne tu. Nakate alikuwa amekatwa. Alipouliza sababu mbele ya watu, shirika likaeleza kwamba ilikatwa kwa ajili ya mpango wa picha tu, kwa kuwa jengo lililokuwa nyuma yake lilivuta macho. Baadaye shirika likaomba radhi. Kitabu alichotoa Nakate mwaka 2021 kinaitwa A Bigger Picture, na sidhani jina hilo lilimpa taabu kulipata.

Wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Mimi nilinyamaza. Sababu ile ya jengo niliijua, kwani nilipata kuitumia.

Mwaka 1993, nilipokuwa kidato cha tatu, nilipewa kazi ya picha za gazeti la shule. Timu yetu ya mpira ilikuwa imeshinda kikombe, na picha ikapigwa uwanjani: wachezaji kumi na mmoja, mwalimu wa michezo, na mwisho kabisa upande wa kushoto mpishi wetu, ameshika ndoo ya machungwa. Kila mchezo alikuwa akituletea ndoo ile. Nafasi katika ukurasa ilikuwa nyembamba. Nikatwaa makasi, nikakata. Ilibaki nusu ya ndoo na vidole vitatu.

Gazeti lilipotoka, mzee yule alinunua nakala kwa fedha yake. Jioni akaja dirishani kwetu, akalifungua, akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe nilipo." Nikamjibu, "Mzee, ukurasa ulikuwa mwembamba." Akaitazama picha tena, akaweka kidole chake juu ya vile vidole vitatu. "Haya," akasema, "mwembamba." Akalikunja gazeti, akaenda jikoni, maana maharagwe yalikuwa motoni.

Sikudanganya, ukurasa ulikuwa mwembamba kweli. Lakini miezi iliyopita nilikuja shuleni, nikaomba ruhusa kuingia katika stoo ya vitabu, nikaitafuta picha ile kabla ya makasi. Nilimkuta nayo katika bahasha, yapata wino umeanza kufifia. Upande wa kulia wa picha pana mlingoti wa goli, na nyuma yake nyasi tupu, nafasi ya kumtosha mtu mzima na ndoo yake. Ningeweza kukata huko. Sikuona. Nilikuwa nikitazama kikombe.

Mpishi wetu alifariki zamani. Binti yake anauza vitambaa sokoni, nami nimekwisha kumpelekea habari. Mhariri amekubali kuichapa picha hiyo nzima katika ukurasa unaofuata, upana wote, pamoja na mlingoti na nyasi. Mwenye ndoo ndiye yeye.